Mtoto safu ya 27, mama safu ya 11

Mwanamke alikuwa amesimama katikati ya ujia, begi begani, mtoto wa miaka mitatu hivi amemng'ang'ania gauni, akizisoma pasi mbili za kupandia kwa mara ya tatu kana kwamba namba zingebadilika. Yake ilisema safu ya 11. Ya mtoto ilisema 27B, kiti cha kati. Mimi nilikuwa 27C, kando ya ujia, kiti nilichokilipia mapema kwa ajili ya goti langu lisilopenda kukunjwa kwa saa tano. Mhudumu aliniinamia kwa ile sauti ya mtu anayejua anaomba asichostahili kuomba: "Samahani kaka, ungekubali kumpisha mama akae na mwanawe?" Watu wa safu tatu nzima wakanigeukia.

Nilihama. Ila sikuhama kwa moyo mweupe, na njia nzima hadi safu ya 11 hasira yangu ilimwandama yule mama. Angelipia naye, kama nilivyolipia mimi.

Imenichukua muda kuona kuwa nilimkasirikia asiyehusika.

Hoja ya "angelipia" si ya kubezwa. Aliyechagua kiti ana sababu zake, na si lazima azitangaze mbele ya ndege nzima: mwingine ana goti, mwingine ana kibofu kisichongoja, mwingine anaogopa kuruka na bila dirisha hapumui. Kumtaka aliyejipanga ahame kila mara kwa ajili ya ambaye hakujipanga ni kumwadhibu kwa kujipanga kwake. Mashirika ya ndege nayo yana la kusema. Ada za viti, yanadai, ndizo zinazoshusha nauli ya msingi. Asiyejali akae wapi analipa kidogo, anayejali anaongeza. Ukiwapa wenye watoto viti vya pamoja bure, pengo litazibwa na mtu mwingine, na huenda akawa huyohuyo anayesafiri peke yake na ambaye tayari anajiona ananyonywa. Ni hesabu halali. Nimewasikia wazazi wakiipuuza kana kwamba kuzaa ni tiketi, na hilo nalo halipendezi.

Lakini tazama kinachouzwa. Kiti cha dirishani ni starehe: ukikikosa, utanung'unika na safari itaendelea. Kiti cha mama kando ya mtoto wa miaka mitatu ni kitu kingine kabisa. Kila mhudumu anajua kuwa mtoto huyo hatakaa peke yake kati ya watu wawili asiowajua. Nani atamfunga mkanda? Nani atampeleka msalani? Nani atamshikia mfuko akianza kutapika? Kwa hiyo mwisho wa kisa unajulikana kabla ndege haijajaa: watakaa pamoja. Kinachobaki ni nani alipe, mama siku ya kukata tiketi kwa sababu ya hofu, au mtu baki kama mimi siku ya safari kwa sababu ya aibu. Shirika linauza kinga dhidi ya jambo ambalo lenyewe haliwezi kuliacha litokee. Ni kama kuuziwa ndoo ya maji na mtu ambaye kiberiti kimo mfukoni mwake.

Husemwa kuwa kompyuta ndiyo inayogawa viti, nayo haijui. Haijui nini? Mtoto asiyefika miaka miwili husafiri akiwa amepakatwa. Akifikisha miwili, hutakiwa kukatiwa kiti chake. Ndiyo maana tarehe ya kuzaliwa huulizwa. Kompyuta ilijua umri wake sawasawa siku ya kumtoza kiti kizima, ikaja kuusahau siku ya kumpangia kiti hicho. Na hao wa kupakatwa hupangwa kwa uangalifu mkubwa: katika ndege nyingi kila upande wa safu una barakoa moja tu ya ziada ya oksijeni, hivyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi upande mmoja wa safu moja. Japan Airlines mwaka 2019 ilikwenda mbali zaidi, ikaweka alama ya uso wa mtoto kwenye ramani ya viti kuonyesha alipo kila mtoto wa chini ya miaka miwili, ili anayetaka kukaa mbali achague mapema. Watu waliipigia kelele sana wakati ule. Mimi niliona jambo moja tu: kumbe inawezekana.

Sasa nifike kwenye kile kinachonikosesha usingizi, ambacho hakihusu pesa.

Ndege yenye viti zaidi ya 44 hairuhusiwi kubeba abiria mpaka ithibitishwe kuwa wote waliomo, hata ikiwa imejaa, wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, gizani, huku nusu ya milango haitumiki. Kanuni ya Marekani inataja hadi mchanganyiko wa watu wa kufanyia jaribio hilo: angalau asilimia 40 wawe wanawake, angalau asilimia 35 wawe wamevuka miaka 50. Na watoto? Wanasesere watatu. Wanasesere wenye ukubwa wa mtoto mchanga, waliobebwa na watu wazima, wasiohesabiwa hata kwenye idadi ya abiria. Mtoto wa miaka mitatu, wa mitano, wa minane, yule anayekaa kiti chake na kufungwa mkanda asioweza kuufungua, kanuni haidai awepo. Najua kwa nini: hakuna mwenye akili timamu atakayewasukuma watoto gizani kwenye mitelezo ya dharura kwa ajili ya jaribio. Ila matokeo yake ni kwamba zile sekunde 90 zimepimwa katika ndege ambayo hakuna mama anayemtafuta mwanawe.

Rudi kwenye ndege yetu. Ilikuwa ya ujia mmoja, viti vitatu huku na vitatu kule. Kati ya safu ya 11 na ya 27 kuna safu kumi na tano, yaani watu 90. Mmoja kwa kila sekunde ya jaribio. Sikuipanga hesabu hiyo, imetokea tu. Moshi ukiingia, watu hao 90 watafuata sauti ya mhudumu, na wengi watasukumana kwenda mbele. Mama atakwenda nyuma. Hakuna tangazo litakalomzuia, wala si kosa lake. Ukimlaumu, jiulize wewe ungefanyaje. Atapambana na mkondo wa watu katika ujia ambao wawili hawapishani bila kugeuka ubavu, na kila atakayemzuia njia naye atazuiwa. Nami niliyelipia 27C kwa ajili ya goti ningekuwa palepale, nikingoja njia ifunguke.

Haya si mawazo yangu peke yangu. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inazieleza kampuni za ndege kuwa watoto wakae safu moja na watu wao, na ikishindikana wasitenganishwe kwa zaidi ya safu moja, kwa sababu hiyohiyo: kasi ya kutoka hupungua watu wazima wanapoanza kuwatafuta watoto. Ndege ya Japan Airlines ilipoungua uwanja wa Haneda tarehe 2 Januari 2024, watu 379 walitoka hai kupitia milango mitatu tu kati ya minane, wakiwemo watoto wanane wa chini ya miaka miwili. Dunia iliwasifu kwa kuacha mabegi ndani. Walistahili sifa. Lakini begi unaweza kufundishwa kuliacha.

Ndiyo maana naona Kanada ndiyo iliyolishika jambo hili panaposhikika. Tangu Desemba 2019 kanuni zake hazisemi "familia" kwa jumla, zinapima umri. Chini ya miaka mitano, mtoto anakaa kiti kinachogusana na cha mzazi. Miaka 5 hadi 11, safu moja, katikati kisizidi kiti kimoja. Miaka 12 na 13, umbali usizidi safu moja. Bila ada. Yaani mtoto wa miaka 13 hamfukuzi mtu dirishani ili ashikwe mkono, na wa miaka mitatu habaki kuwa mjadala. India nayo iliyaagiza mashirika mwaka 2024 kuwa wa hadi miaka 12 akae na angalau mzazi mmoja aliye kwenye tiketi moja naye. Italia iliagiza vivyo hivyo kwa walio chini ya miaka 12 kuanzia Agosti 2021. Marekani imekuwa ikizunguka mbuyu: sheria ya 2016 iliitaka Wizara ya Usafirishaji ilitazame jambo hili, mwaka 2022 wizara ikayasihi mashirika, 2023 ikaweka jedwali la kuonyesha nani ameahidi na nani hajaahidi, na Agosti 2024 ndipo ikaja na rasimu ya kanuni. Mtoto aliyekuwa na miaka mitatu sheria ya kwanza ilipopita alikuwa ameshafika kumi na mmoja.

Sheria haimalizi kila kitu. Ndege ikibadilishwa dakika za mwisho, ramani ya viti huvurugika hata kwa aliyelipa. Familia ya watu sita ikikata tiketi usiku wa kuamkia safari, viti vya kugusana havitazaliwa. Hata Kanada, pakishindikana, shirika hutakiwa kuomba abiria wajitolee kuhama, maana yake mtu wa 27C ataulizwa tu. Na akiulizwa ana haki ya kusema hapana, asipigwe picha na kuanikwa mitandaoni kama mchawi. Mzazi anayeomba naye ana adabu zake za kufuata: unampa mtu kiti kilicho sawa na chake au bora kuliko chake. Kumtoa mtu kando ya ujia safu ya mbele umpeleke katikati safu ya mwisho, jirani na choo, huko ni kupora kwa tabasamu.

Kuhusu wenye watoto kupandishwa mapema sina ukali huo. Wanaolalamika kuwa wenye watoto huchelewesha wote wana jambo, ingawa kinachochelewesha hasa ni ujia: mtu mmoja akisimama kuinua sanduku, wote walio nyuma yake wamesimama. Jason Steffen, mtaalamu wa fizikia ya nyota, alionyesha mwaka 2008 kuwa kujaza ndege kwa mafungu kutoka nyuma kwenda mbele, jinsi wengi tunavyodhani ni busara, ni miongoni mwa njia mbovu, kwa sababu watu wa safu zilizokaribiana huzuiana. Utaratibu wake wa kuwapachika watu kwa zamu, dirishani kwanza na kwa kuruka safu, ni wa kasi sana. Ila unawatenganisha walio pamoja, na hapo ndipo hesabu nzuri inapogonga ukuta: huwezi kumwambia mtoto wa miaka minne apande na kundi la kwanza kwa kuwa yeye ni wa dirishani, mama atamkuta baadaye. Shirika la ndege la United liliporudia utaratibu wa dirisha, kati, ujia mwaka 2023, liliwaacha wa tiketi moja wapande pamoja.

Wazazi wenyewe wamegawanyika. Mwenye kiti cha mtoto cha kufunga kwa mkanda anahitaji kutangulia, kwa kuwa kiti hicho kwa kawaida hufungwa dirishani kisimzibie mtu njia ya kutokea, na kukifunga ni kazi ya magoti na jasho. Mwenye mtoto anayetembea hana haraka hiyo; kumwingiza mapema ni kumwongezea nusu saa ya kukaa kitako. Nimewaona wanaogawana kazi: mmoja anatangulia na mizigo, mwingine anabaki getini akimkimbiza mtoto mpaka miguu imchoke, wanaingia wa mwisho. Ukiniuliza, wale ndio werevu.

Na kuna wanaotaka pembe zisizo na watoto. Mashirika ya ndege ya Scoot na AirAsia X yalizianzisha mwaka 2013, la Corendon likafuata mwaka 2023 kwa wenye miaka 16 na zaidi katika safari zake za Amsterdam kwenda Curaçao, kisiwa cha Karibi. Wazazi wengi walichukia. Mimi sikuona tusi. Ukimya ni starehe, na starehe iuzwe. Anayeuza utulivu anauza kitu ambacho mnunuzi anaweza kukikosa na akafika salama.

Nilikaa 11B, kati ya jamaa wawili wenye viwiko vipana, goti likiwaka. Tulipotua mama alinipita akiwa amembeba mtoto aliyelala, akaniambia, "Asante sana kaka yangu." Wiki hiyohiyo niliwaandikia wenye ndege kudai ada ya kiti nilichokilipia na kutokikalia. Walijibu baada ya majuma matatu. Hairejeshwi, walisema, kwa sababu kumbukumbu zao zinaonyesha nilihama kwa hiari yangu.