Mwalimu wa Sande Skuli Anakula Lini?

Kuna swali linalowagawa walimu wa Sande skuli kuanzia Kisumu hadi Nakuru: je, kuandaa somo la watoto kunatosha kuwa ibada ya mwalimu mwenyewe, au ni lazima awe na wakati na Mungu usiohusiana na darasa? Mwalimu huyu hujitolea bila malipo. Jumatatu hadi Ijumaa yuko kazini, na jioni kuna chakula cha kupika, daftari za watoto wake za kukagua na mkutano wa chama. Soko la Kibuye hufurika Jumapili yenyewe, kwa hiyo mwenye kibanda pale ameshaacha mauzo ya siku iliyo bora ili afike darasani.

Wanaosema maandalizi yanatosha hawatetei uvivu. Mithali 11:25 inasema atiaye maji atatiwa maji mwenyewe, nao wameliona hilo likitimia. Mtu akitaka kumweleza mtoto wa miaka sita maana ya neema bila kulitumia neno lenyewe, atalitafakari kuliko muumini aliyelisikia mimbarini miaka ishirini. Tena wanauliza: mama anayelala saa tano usiku na kuwa steji saa kumi na mbili asubuhi, ukimwagiza aongeze saa nzima ya maombi alfajiri, umempa nini zaidi ya hatia?

Upande wa pili unajibu kwamba tatizo ni jicho. Anayeandaa somo husoma akiwinda. Akifika kwa Zakayo anaona mti wa kuchora, wimbo wenye vitendo na mstari wa kukariri. Pesa ambazo Zakayo aliahidi kurudisha mara nne hazimsumbui, ingawa pengine yeye mwenyewe ana deni la jirani alilolinyamazia. Neno linapita mikononi mwake kwenda kwa watoto bila kumgusa. Yule wa Wimbo Ulio Bora 1:6 alilinda mashamba ya mizabibu ya wengine, na shamba lake hakulilinda. Dalili zinajulikana: maandalizi yanasogea hadi Jumamosi usiku, mwalimu anachagua hadithi aliyokwisha kuifundisha, haombi ila mbele za watu, na kelele ya kawaida ya watoto inamtoa machozi au makofi.

Kwa maoni yetu upande huu wa pili umeutambua ugonjwa, ila dawa yake mara nyingi haimezeki. Njia iliyo bora imo katika Ezra 7:10, ambapo Ezra aliitafuta sheria, akaitenda, kisha akafundisha. Kutenda kuko katikati, na ndiko kunakorukwa.

Basi somo la Jumapili lianze Jumatatu. Soma kifungu mara mbili kwa sauti, na kitabu cha mwongozo kibaki kimefungwa. Andika sentensi moja tu: kifungu hiki kinanidai nini mimi? Iwe ni jambo linaloweza kufanywa kabla ya Alhamisi: kurudisha shilingi mia mbili, kumpigia ndugu simu, kumwomba mtoto msamaha. Lifanye. Alhamisi ndipo ufungue mwongozo na kupanga michezo, na Jumamosi ibaki ya kuhesabu kalamu za rangi. Ukifungua mwongozo Jumatatu, majibu yaliyochapwa yatakuja kabla swali halijakuuma, na sentensi yako itakuwa ya watoto.

Hata hivyo, uwepo usomaji mwingine, mfupi, wa kitabu ambacho darasa halikigusi. Zaburi 119 inafaa sana: ina mafungu 22 ya mistari minane minane, na fungu moja kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, litakuchukua wiki nne na siku mbili. Dakika kumi na tano zinatosha: tano za kusoma, tano za kunyamaza, tano za kuomba. Uwe na daftari tofauti na la masomo, kwa kuwa wazo likiandikwa kwenye daftari la darasa linageuka pointi ya kufundishia papo hapo. Biblia iwe ya karatasi ikiwezekana, maana ile ya simu huja na ujumbe wa kundi la wazazi. Na siku ikipita bila kusoma, usiilipe. Endelea na fungu la leo. Wengi wameacha kwa sababu mafungu sita waliyokosa yaligeuka mlima.

Vipi kuhusu kesha la Ijumaa, au kupanda Menengai kuomba? Wapo wanaolidharau kesha kama kelele za usiku kucha, nasi hatukubaliani nao. Anayeishi chumba kimoja na watoto wanne huenda hana mahali pengine pa kulia mbele za Mungu bila kuulizwa kuna nini. Tatizo lake ni kalenda: kesha Ijumaa, biashara Jumamosi, darasa Jumapili saa mbili, na mwalimu anafika amechoka kiasi cha kuwafokea watoto aliowaombea. Akeshe wiki ambayo hana zamu.

Hapa ndipo ushauri mwingi unapoishia, na ndipo unapokosea, kwa kumtwika mwalimu peke yake mzigo wote. Darasa linaendeshwa wakati ule ule wa ibada kuu. Mwalimu wa kila Jumapili hasikii mahubiri mwaka mzima, na kanisa linaloandaa Meza ya Bwana mara moja kwa mwezi linaweza kumkosesha Meza hiyo mara zote kumi na mbili. Hakuna dakika kumi na tano za alfajiri zitakazoziba pengo hilo.

Katika Marko 6 mitume wanarudi wakieleza yote waliyoyatenda na kuyafundisha, na Yesu anawaita faraghani wapumzike, kwa kuwa hawakupata hata nafasi ya kula. Umati unawatangulia. Wanaosema huduma haingoji huutumia mstari huo, na ni kweli pumziko lilikuwa fupi: safari ya mashua tu. (Matatu ya kutoka Maseno hadi Kisumu yaweza kuwa mashua hiyo, ukiizima simu.) Lakini tazama aliyewafundisha watu wale walipofika. Ni Yesu mwenyewe; waliochoka hawakurudishwa darasani.

Kila darasa liwe na walimu watatu, wawili ndani na mmoja kwenye ibada. Hivyo kila mmoja anapata takriban Jumapili 17 kwa mwaka, na watoto hawaachwi na mtu mzima mmoja. Wanaopinga husema wadogo hulia wakibadilishiwa mwalimu. Ndiyo maana abadilike mmoja tu kila wiki, huku mmoja wa waliofundisha Jumapili iliyopita akibaki. Kanisa lisilo na watu wa kutosha lianze na Jumapili ya tano, ambayo huja angalau mara nne kwa mwaka: siku hiyo watoto wakae na wazazi wao kanisani, Meza iandaliwe, na mwalimu aketi viti vya mbele.