Milioni Moja na Kichupa cha Chanjo

Tangu PDM, mpango wa serikali ya Uganda wa maendeleo ya parishi (eneo la utawala lenye vijiji kadhaa), izinduliwe wilayani Kibuku mwezi Februari 2022, lawama nyingi humwangukia mkopaji wa kijijini: kapewa milioni yake moja, kaila. Wanaosema hivyo wana hoja. Wanaikumbuka Entandikwa, mikopo ya serikali ya miaka ya 1990, ambayo wengi waliipokea kama zawadi ya siasa wakaacha kuirudisha. Tena huu ni mfuko wa kuzunguka. Shilingi milioni 100 za parishi kwa mwaka ni kaya 100 tu, na mmoja asiporejesha, jirani yake anabaki kwenye foleni.

Lakini hebu mfuate mama aliyechagua mradi wa kuku. Kanunua thelathini wa kienyeji, kajenga banda la matete. Kideri, ugonjwa wa Newcastle, kikiingia, Jumatatu kuku mmoja anazubaa, shingo imepinda. Ijumaa banda ni jeupe. Chanjo ipo, tone moja jichoni, na kwa kuku mmoja gharama yake ni ndogo. Shida iko kwenye kichupa. Kwa kawaida kinatosha kuku 100 au zaidi, aghalabu kinataka kukaa kwenye baridi, na kikishachanganywa lazima kitumike ndani ya saa chache. Huyu ana kuku thelathini na hana friji. Ili matone yake yapatikane, majirani watatu au wanne wapatane siku moja, duka la dawa liwe na umeme, na afisa mifugo afike. Milioni moja hainunui hata kimoja kati ya hivyo.

PDM yenyewe inalijua hili, ndiyo maana ina nguzo 7, na mkopo ni sehemu ya nguzo moja tu. Fedha zikitangulia peke yake, tunamdai mama riba ya asilimia 6 kwa kuku waliokufa kwa sababu idara nyingine haikutokea. Kumwita mwizi ni kumwonea.

Basi mkutano wa parishi, au muluka kama wengi tunavyoiita, upewe nafasi ya kurekebisha mambo: kumwongezea muda aliyepigwa na kideri, kumruhusu abadili mradi. Najua pingamizi: mkuu wa parishi ataanza na shemeji yake. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo uamuzi ufanywe mbele ya watu na uandikwe ubaoni. Na tarehe ya chanjo iandikwe kwenye ubao huohuo wa majina ya wakopaji, ili siku ikipita watu waone aliyekosekana ni mkopaji au ni afisa.