Informatiki ya usimamizi Lubumbashi: kazi ya mwisho inayokufa rafuni

Mwezi uliopita jirani yetu mmoja hapa Katuba alikuja kwangu jioni, ameshika matokeo ya kijana wake. Kijana amepata diploma ya Serikali, sehemu ya biashara na usimamizi, na anataka kujiandikisha informatiki. Mama huyo anauza unga wa mahindi kwenye soko la Kenya, komuni ya hapa Lubumbashi, na ni yeye atakayelipa minervali, yaani ada ya chuo. Alikuwa na swali moja: "Baba, akimaliza ile info, atatumika wapi?"

Somo hilo ndilo nililosoma mimi. Nilimjibu haraka kwamba kazi zipo, akashukuru, akaenda. Lakini jibu lile halikunituliza, kwa sababu swali lake linastahili kupimwa pande zote mbili.

Tuanze na jina. Mtaani tunasema "info" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe vyuoni kuna matawi. Kuna mitandao, kuna uhandisi wa programu, na kuna hili linaloitwa informatiki ya usimamizi, ambalo nchi nyingine huliita mifumo ya taarifa. Ndilo kijana analolitaka, na ndilo linalobishaniwa zaidi. Mtu wa mitandao anahangaikia mashine zisikilizane. Mtu wa mifumo ya taarifa anaingia ofisini na kuuliza: hapa mnahitaji kujua nini? Nani anakiandika? Kinapita mikononi mwa nani? Kikipotea, hasara inamwangukia nani? Kompyuta inakuja baada ya maswali hayo.

Mifano haiko mbali. Lori la shaba linaloelekea Zambia halivuki mpaka wa Kasumbalesa kabla tamko lake la forodha halijapita katika Sydonia, programu iliyotengenezwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo. Muuguzi wa kituo cha afya anahesabu wagonjwa wa malaria kwenye karatasi, karatasi inapelekwa ofisi ya zoni ya afya, na huko hesabu zinaingizwa katika DHIS2, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, Norwe. Muuguzi akikosea mstari mmoja, Kinshasa inasoma kosa. Hiyo safari yote, kuanzia kalamu ya muuguzi hadi meza ya wizara, ndiyo mfumo wa taarifa.

Wanaolipinga somo hili wana hoja, na nimezisikia hata nyumbani kwetu. Wanasema anayelisoma ni popo: ndege si ndege, mnyama si mnyama. Uhasibu anaonjeshwa tu, wakati mwenzake wa chuo cha biashara anaumeza mzima pamoja na kanuni za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambazo Kongo inazifuata tangu ijiunge mwaka 2012. Programu naye anaandika kidogo, wakati mwenzake wa uhandisi anaandika kila siku. Migodi ya Kolwezi na Likasi, ambayo kila mzazi anaiota, inaendeshwa kwa programu kubwa za kusimamia kampuni nzima, za aina ya SAP, ambazo mwanafunzi wa kawaida hatazigusa hadi siku ya kutetea kazi yake. Halafu kuna hali ya kusomea. Auditoriamu imejaa, mashine ni chache, na umeme wa SNEL ukikatwa, somo la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, linageuka somo la chaki. Nimeona watu wakifaulu mtihani wa hifadhidata kwa kuandika amri kwenye karatasi, bila kuona hata mara moja amri hiyo ikileta jibu kwenye skrini. Hilo ni jambo la kusikitisha, na mzazi anayetoa pesa ya unga ana haki ya kulijua.

Lakini hoja nzito kuliko zote inahusu kazi ya mwisho, ile tunayoiita TFC. Ukipita rafu za maktaba ya chuo chochote hapa mjini utakuta vichwa vinavyofanana kama ndugu: kuweka mfumo wa kusimamia stoki, kuweka mfumo wa kusimamia wafanyakazi, kuweka mfumo wa kusimamia malipo ya wanafunzi. Mwanafunzi anakwenda staji, yaani mafunzo kazini, anachora, anatengeneza kiprogramu kwa Access au WinDev, anavaa suti, anatetea, familia inapiga picha. Kesho yake programu imekufa. Ofisi iliyompokea inaendelea na daftari lake, na mwaka unaofuata mwanafunzi mwingine anakuja na kichwa kilekile na kuanza moja.

Yangu ilikufa vilevile, na ninataka kuieleza, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza somo hili ni la nini.

Nilipokelewa na kituo kimoja cha afya. Dawa zilikuwa zinaisha bila mtu kujua, hasa amoksisilini, na mkuu wa kituo aliamini kompyuta itamaliza tatizo. Nami niliamini. Nilikaa wiki za mwanzo nikipanga skrini na rangi zake. Siku moja nikiwa nimekaa tu karibu na dirisha la kugawia dawa, mama wa pale dirishani aliniambia bila mimi kumuuliza: "Mimi ninahesabu vidonge. Yule wa depo anahesabu makarto." Nikafungua daftari zote mbili. Kweli. Depo iliandika karto (katoni) tano zimetoka, dirisha likaandika vidonge vilivyogawiwa, na hakuna mtu aliyewahi kubadilisha kimoja kuwa kingine. Karto zenyewe hazikuwa na idadi moja ya vidonge, ilitegemea zilikotoka. Hesabu mbili zilikuwa zinaishi nyumba moja bila kusalimiana. Programu yangu, kama ningeimaliza jinsi ilivyokuwa, ingehifadhi kosa lilelile kwa kasi zaidi.

Nikarudi kwenye michoro. Walimu wetu hufundisha Merise, mbinu iliyozaliwa Ufaransa mwishoni mwa miaka ya 1970, na vijana wengi wanaiona ya kizamani. Wanaikariri, masanduku na duara, wakaisahau. Ni kweli inafundishwa kwa ukavu. Lakini inakulazimisha kupanga maswali: kwanza, taarifa gani na zina maana gani, kisha, nani anafanya nini na wapi, mashine mwisho kabisa. Mimi nilikuwa nimeanzia mwisho. Meza za hifadhidata tunazozichora leo zinatokana na kazi ya E. F. Codd, aliyekuwa IBM alipotoa pendekezo lake mwaka 1970, na hata huko mtu hawezi kuchora meza kabla hajaamua kila mstari wake unazungumzia kitu gani hasa: karto, au kidonge?

Nilitetea, nikapata alama nzuri. Miezi michache baadaye mkuu wa kituo akahamishwa, mashine ikaharibika, programu ikaishia hapo. Nilipopita mwaka uliofuata walikuwa wamerudi kwenye daftari. Ila daftari la depo lilikuwa na safu mpya iliyopigwa kwa rula: idadi ya vidonge katika kila karto. Mama wa dirishani ndiye aliyeing'ang'ania. Katika TFC yangu yote, hicho ndicho kilichobaki hai, na siku ya kutetea hakuna aliyeniuliza habari zake. Waliniuliza kwa nini kitufe cha kufuta hakina onyo.

Kwa hiyo ninapoulizwa kama somo lina thamani, ninaifikiria safu ile. Mhandisi wa programu angeweza kuandika programu bora kuliko yangu mara kumi. Mhasibu angeona stoki haikubaliani. Lakini kukaa dirishani, kusikiliza, na kugundua kwamba watu wawili wanatumia neno moja kwa vitu viwili, hiyo ni kazi yenye jina lake, na inasomewa. Hapa kwetu ina ugumu wa ziada ambao vitabu vya wageni haviujui: mtunza stoki anakueleza kazi yake kwa Kiswahili, wewe unaandika ripoti kwa Kifaransa, na programu mara nyingi inazungumza Kiingereza. Katika kuvuka lugha tatu mambo mengi yanadondoka njiani. Mtoto wa Katuba anayejua kwamba "deni" la sokoni si sawa kabisa na neno la mhasibu la Kifaransa ana silaha ambayo mtaalamu aliyeletwa kwa ndege hana.

Je, aandike programu au asiandike? Ubishi huu haukuanzia Lubumbashi. ACM na AIS, vyama vya kimataifa vya watu wa kompyuta na wa mifumo ya taarifa, hutoa mwongozo wa mtaala wa shahada hii. Ule wa 2010 uliiondoa uandishi wa programu katika masomo ya lazima, kwa hoja kwamba mtu wa mifumo ya taarifa ni wa kuchanganua na kusimamia. Ule wa 2020 ukairudisha. Mimi nasimama na wa 2020. Katika makampuni madogo ya mji huu hakuna anayeweza kumlipa mtu mmoja achore na mwingine aandike. Anayechora ndiye anayeandika, ndiye anayekwenda kurekebisha printa. Asiyejua kuandika hata programu ndogo atabaki akitegemea huruma ya wengine.

Kuna pia suala la miaka. Zamani ilikuwa graduat, ngazi ya kwanza ya chuo, miaka 3, halafu licence miaka 2. Kwa mfumo mpya wa LMD (licence, master, doctorat), licence inapatikana kwa miaka 3 na krediti 180. Wazazi wengi bado wanasikia licence wakafikiria miaka 5, na waajiri wengine pia. Walimu niliozungumza nao wanalalamika kwamba yale ya miaka mitano yamebanwa ndani ya mitatu. Wana haki kwa sehemu. Lakini kama miaka ni michache, hiyo ni sababu ya staji kuanza mapema na kurudiwa, badala ya kusubiri mwaka wa mwisho.

Na kazi? Mgodini nafasi ni chache na wanaozigombea ni wengi. Kumwambia mama auze unga miaka mitatu kwa ndoto hiyo peke yake ni kumdanganya. Sheria ya 8 Februari 2017 kuhusu kandarasi ndogo inazihifadhi kwa makampuni ya Wakongomani, na kupitia mlango huo kampuni ndogo ya vijana inaweza kuhudumia zile kubwa, ikiwa inajua kutunza hesabu zake yenyewe. Zaidi ya hapo kuna famasi, shule, parokia, depo za saruji, wasafirishaji wa njia ya Kolwezi. Wengi wao wanapokea pesa kwa M-Pesa na Airtel Money mchana, na usiku wanakaa na simu na daftari wakitafuta tofauti imetoka wapi. Hapo kazi ipo. Mshahara wa uhakika haupo, na lazima kijana ajue kabla.

Ninachokitaka kwa vyuo vyetu ni kidogo. TFC isifungwe siku ya kutetea. Mwanafunzi wa mwaka ujao aichukue ya mwaka huu, arudi ofisi ileile, aone nini kimebaki hai na nini kimekufa, aendeleze au aeleze kwa nini imekufa. Kuandika vizuri kwa nini mfumo umekufa ni kazi ya kisomi kuliko kuanzisha wa ishirini unaofanana nao.

Najua watakavyonijibu. Mwalimu msimamizi ana wanafunzi wengi na malipo yake yanachelewa. Utamwongezea mzigo gani tena? Ofisi nazo zinaogopa kufungua daftari zao kwa mtu wa nje. Woga huo una msingi, hasa tangu Sheria ya Dijitali (Code du numérique) ya 13 Machi 2023 iweke kanuni za kulinda taarifa za watu, na nimeona TFC zenye majina halisi ya wagonjwa katika kurasa za mifano, jambo ambalo jury yoyote, yaani jopo la watahini, ingepaswa kulikataa papo hapo. Hilo la ofisi linatatulika kwa mkataba mfupi na majina ya kubuni. La mwalimu ni gumu zaidi, na sitajifanya nina dawa yake. Lakini mzigo wa kusoma TFC ishirini zinazofanana nao si mwepesi.

Nilirudi kwa mama wa unga wiki iliyofuata. Nilimwambia kijana aandikishwe, ila kabla ya masomo kuanza akae naye sokoni wiki mbili, alishike daftari la madeni, asibadilishe chochote, aandike tu kila asichokielewa. Mama alicheka, akakubali.

Siku ya tano kijana alinipigia simu. "Kaka, Mama Kalenga wa ukurasa wa tatu na Mama wa Kona wa ukurasa wa tisa ni mtu mmoja. Mama anamjua kwa sura. Daftari litamjuaje?"