Kumtoa mpangaji nje wakati wa mlipuko ni kueneza ugonjwa

Ebola ilipoingia mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, Julai 2019, sote tulijifunza hesabu moja: siku 21. Aliyemgusa mgonjwa anafuatwa nyumbani na kupimwa joto kila siku mpaka zitimie. Sasa nauliza, mwenye nyumba akimtoa nje siku ya tano, atapimiwa wapi? Leo atalala kwa shemeji yake Ndosho, kesho kwa rafiki Birere, keshokutwa yumo ndani ya boti la Bukavu. Wafuatiliaji watabisha hodi kwenye mlango wa mtu mwingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: mlipuko ukishatangazwa, asitolewe mpangaji yeyote, awe na deni la kodi au awe na ugonjwa, mpaka itangazwe kwamba umekwisha.

Mpox ya 2024 ilizidi kunishawishi, maana vipele havifichiki. Katika parsele zetu, yaani viwanja vya kupangisha, familia nne au tano zinatumia choo kimoja. Mtoto akitokwa na vipele usoni, majirani wanafika kwa mwenye nyumba kabla mama hajafika kituo cha afya. Hofu yao naielewa, choo ni kimoja kweli. Lakini mama akijua kwamba kupima ni kufukuzwa, atamfunika mtoto kitenge, amfungie ndani, ampake majani, na wale majirani waendelee kuambukizwa bila kujua.

Halafu kuna kodi yenyewe. Machi 2020, mpaka wa Gisenyi, upande wa Rwanda, ulipofungwa kwa ajili ya korona, mama aliyekuwa akivuka kivuko cha Petite Barrière kila asubuhi na beseni lake kichwani alikosa kipato siku ileile. Kodi anadaiwa kwa dola, mboga anauza kwa faranga.

Na mwenye nyumba atakula nini? Ni swali la haki. Wengi wao ni wajane wanaosomesha watoto kwa vyumba viwili vya mbao. Ila pesa ya kuanzia anayo tayari: garanti, yaani amana ambayo mpangaji alimwachia alipoingia. Sheria ya Kongo namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 inasema isizidi miezi mitatu kwa nyumba ya kuishi, ingawa hapa kwetu wengi wanadai zaidi. Basi iliwe mwezi kwa mwezi, na deni litakalobaki lilipwe kidogokidogo kazi zikirudi. Sisemi lifutwe.

Marekani, taasisi ya afya ya CDC ilizuia wapangaji kufukuzwa kuanzia Septemba 2020, kwa hoja hiihii ya maambukizi. Agosti 2021 Mahakama ya Juu ikalizima agizo hilo, kwa kuwa Bunge halikuwa limeipa CDC uwezo huo. Ndiyo maana nataka katazo letu liandikwe sasa, kabla ya mlipuko mwingine, tena kwa sheria kamili. Na kila shefu wa avenye, yaani kiongozi wa mtaa, awe na nakala yake, maana yeye ndiye anayeitwa wa kwanza magodoro yakitupwa nje, na leo hana karatasi yoyote ya kumwonyesha mwenye nyumba.