Kushuka Mombasa si Kupanda Nairobi

Anayenunua gari la umeme Nairobi huwa na swali moja linalomsubiri: litafika Mombasa? Ndugu watamuuliza, jirani atamuuliza, hata bawabu wa lango la mtaa atamuuliza. Hakuna anayeuliza kuhusu Nakuru wala Nyeri. Barabara ya Mombasa, kilomita 480 hivi, ndiyo mizani tunayopimia gari lolote. Disemba ikifika familia hupakia watoto na masanduku na kuteremka pwani, na gari lisiloweza kazi hiyo huonekana nusu gari.

Wanaolijibu swali hilo wamegawanyika. Kuna wanaoshika karatasi ya muuzaji, wakaona imeandikwa kilomita 420, wakasema unachaji mara moja njiani na mambo yamekwisha. Na kuna wanaosema gari la umeme ni la kuzunguka mjini, ukilipeleka barabara kuu litakuacha Tsavo usiku na watoto nyuma. Nimewasikiliza wote kwa muda mrefu, na naona kila upande una ukweli ambao upande wa pili haujakubali kuusikia. Ila wote wanaanzia kwenye namba isiyofaa.

Tuanze na namba hiyo. Chukua Nissan Leaf ya betri ya uniti 40, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 2017. (Uniti ninayoisema hapa ni ile ile unayonunua kwa tokeni nyumbani.) Kwa kipimo cha Japani cha wakati huo, gari hilo lilitangazwa kuwa linakwenda kilomita 400. Kwa kipimo kipya cha Ulaya, gari lile lile ni kilomita 270. Marekani wakaliandikia maili 151, yaani kilomita 243. Betri ni moja, mota ni moja. Kilichobadilika ni mwendo wa kupimia: kipimo cha Japani kilikuwa na wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa na hakikuvuka 82, mwendo wa foleni za Tokyo. Cha Ulaya kina wastani wa kama kilomita 46. Hakuna aliyedanganya, lakini hakuna aliyepima safari ya saa saba kwenye lami iliyonyooka. Na sisi tunaoagiza magari yaliyotumika kutoka Japani ndio hasa tunaoletewa ile namba kubwa kuliko zote. Mtu aliyeambiwa 400 akapata 200 ana haki ya kukasirika, hata kama gari lake halina kasoro yoyote.

Jambo la pili linatokana na mazoea yetu ya petroli. Tumelelewa tukijua kwamba gari hula mafuta mengi mjini na kidogo safarini. Ni kweli kwa petroli, kwa sababu injini hutupa sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta kama joto. Huenda robo au theluthi tu ndiyo inayosukuma magurudumu, na kwenye foleni hata hiyo haifiki. Mota ya umeme haina ubadhirifu huo. Ukisimama, haili. Ukishika breki, hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya nguvu kwenye betri. Kwa hiyo mjini iko raha mustarehe. Kwenye barabara kuu hukutana na adui mwingine, naye ni upepo. Nguvu ya hewa inayolizuia gari hukua kwa mraba wa mwendo: ukitoka kilomita 80 kwa saa hadi 110, kizuizi cha hewa kinakaribia kuwa maradufu. Gari la petroli nalo hukutana na upepo huo huo, ila hasara yake hufichwa na hasara kubwa zaidi ya injini. La umeme halina pa kuificha. Mtu huona asilimia za betri zikishuka na kudhani gari ni baya, kumbe anachokiona ni gharama ya mwendo, ambayo petroli haikuwahi kumwonyesha waziwazi.

Kuna hesabu moja inayozipa haki pande zote mbili kwa pamoja. Lita moja ya petroli ina nguvu ya karibu uniti 9. BYD Atto 3, mojawapo ya magari mapya ya umeme yanayouzwa nchini, ina betri ya uniti 60. Maana yake betri nzima, pamoja na uzito wake wote, imebeba nguvu sawa na petroli isiyofika lita 7. Mpinzani atasema: mnaona, tangi dogo kiasi hicho! Mtetezi atasema: mnaona, linatembea zaidi ya kilomita 300 kwa nguvu ya lita 7! Wote wawili wamesema kweli. Ubora wa gari la umeme na udhaifu wake safarini vinatoka chungu kimoja.

Sasa tuje kwenye barabara yenyewe, maana hapa ndipo mjadala wetu hutofautiana na wa Ulaya, na hapa ndipo naona tumezembea. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mombasa iko baharini. Nimefanya hesabu ya gari la ukubwa wa Atto 3, likiwa na familia na mizigo lifikishe tani 2. Nimechukulia kwamba kwenye tambarare, kwa mwendo wa kilomita 90 kwa saa na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, linakula uniti 16 na nusu kwa kila kilomita 100. Kuinua tani 2 mita 1,700 kunadai karibu uniti 10 na nusu kutoka kwenye betri. Ukishuka, unaokoa kiasi kinachokaribia hicho. Hivyo safari ya kwenda itakula uniti 70 hivi, na ya kurudi 90. Tofauti ya uniti 20 ni theluthi ya betri, kwa gari lile lile, dereva yule yule na barabara ile ile.

Wengi wanaamini kwamba gari "hujichaji" likiteremka Mombasa. Kwenye vilima vichache vikali hilo hutokea, lakini kwa sehemu kubwa ya njia mteremko ni mdogo mno, wastani wa mita tatu na nusu kwa kila kilomita. Hautoshi kulisukuma gari peke yake. Kinachotokea ni kwamba mota inafanya kazi kidogo kuliko kawaida, na hiyo ni faida bora kuliko kujichaji, kwa sababu nguvu haipotei ikiingia na kutoka kwenye betri. Hewa ya Nairobi nayo ni nyepesi kuliko ya pwani, karibu sehemu moja ya saba, kwa hiyo unapoanza safari juu huku hata upepo unakuhurumia.

Tuitazame Voi, kilomita 330 hivi kutoka Nairobi, ambako kimo kimeshuka chini ya mita 600. Ukiondoka Nairobi betri ikiwa imejaa, kwa hesabu hiyo unafika Voi umetumia uniti 48, umebakiwa na 12. Unajisikia shujaa, unawapigia simu waliokucheka. Siku ya kurudi, chaji Voi mpaka ijae kabisa, kisha elekea Nairobi: safari hiyo hiyo inadai uniti 61, nawe unazo 60. Betri itakuishia karibu na nyumbani, wakati umekwisha kujiambia kwamba umefika. Hii ndiyo sababu simwamini mtu anayesema "mimi nilikwenda Mombasa bila shida" mpaka anieleze alivyorudi.

Kuhusu mwendo, ushauri unaotolewa kila mahali ni kwamba upunguze. Nami nakubali, lakini kwa masharti. Kwa gari letu la mfano, kutoka kilomita 90 kwa saa hadi 110 kunapandisha ulaji kutoka uniti 16 na nusu hadi kama 20 na nusu. Kwa kipande cha Mombasa hadi Mtito Andei, kilomita 245, umeongeza karibu uniti 10 na kuokoa nusu saa. Je, nusu saa hiyo ina thamani? Inategemea mashine inayokungoja Mtito. Ikiwa ni ya kilowati 50, uniti 10 zitarudi kwa dakika 12, na aliyekimbia atakuwa mbele. Ikiwa ni plagi ya kilowati 7, atasubiri karibu saa moja na nusu, na aliyekwenda polepole atampita akimpungia mkono. Kwa hiyo mwendo bora wa barabarani unaamuliwa na nguvu ya chaja, na penye chaja dhaifu subira hulipa. Isitoshe, barabara yetu kwa sehemu kubwa bado ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, na malori ya bandarini ndiyo yanayopanga mwendo. Kukaa nyuma ya trela kwa kilomita 70 au 80 kwa saa, kwa umbali salama, humchosha dereva wa petroli. Wa umeme huona masafa yake yakirefuka. Sitaki mtu apige ovateki ya hatari kwa ajili ya dakika tano, awe na injini gani.

Wapinzani wana hoja nyingine ambazo hesabu hazizifuti. Leaf iliyotumika, ambayo ndiyo iliyo ndani ya uwezo wa wengi, huonyesha afya ya betri kwa vijisanduku 12 kwenye dashibodi. Vikibaki 9, betri imekwisha kupoteza zaidi ya robo ya uwezo wake, na kupanda Nairobi kwa gari hilo ni kusimama mara tatu au zaidi. Tena betri ya Leaf haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Ukiichaji kwa kasi mara ya pili na ya tatu siku hiyo hiyo kwenye joto la Voi au Mackinnon Road, inapata moto, na gari lenyewe linapunguza kasi ya kuchaji ili lijilinde. Kuna suala la plagi pia. Leaf hutumia CHAdeMO ya Kijapani, magari mengi mapya hutumia CCS2, na yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la China yana plagi ya Kichina. Unaweza kufika kwenye mashine nzima, yenye umeme, ukaitazama tu. Kwa mwenye gari la aina hii anayeniuliza kuhusu Mombasa, jibu langu ni abaki nalo mjini, ambako litamtumikia vizuri sana, na aende pwani kwa treni.

Kwa gari jipya la uniti 60, jibu langu ni tofauti, na sababu mojawapo ni pesa. Gari la kawaida la petroli litakunywa lita 36 hivi hadi Mombasa. Mwaka 2025 lita moja Nairobi ilikuwa kati ya shilingi 170 na 190, kwa hiyo ni kama shilingi 6,500. Uniti 70 za kushukia, ukizihesabu zote kwa karibu shilingi 30 za umeme wa nyumbani pamoja na kodi, ni shilingi 2,100. Hata nikikubali kwamba uniti zote zimenunuliwa njiani kwa bei maradufu, bado ni 4,200. Kurudi ni ghali zaidi, uniti 90, na kwa bei hiyo ya njiani zinafika 5,400. Faida imepungua lakini ipo. Na umeme wetu, karibu asilimia 90, unatoka kwenye mvuke wa ardhini kama wa Olkaria, mabwawa, upepo na jua, wakati petroli yote inaingia kwa meli.

Ndiyo maana nataka wauzaji waache kutuandikia namba moja ya kilomita. Watuandikie gari linakula uniti ngapi kwa kilomita 100 likienda 90 kwa saa, na ngapi likienda 110, likiwa limejaa watu. Kwa namba hizo mbili na ramani ya vimo, mtu yeyote anaweza kujipangia safari.

Nimejaribu kuipanga ya kurudi kwa gari letu la mfano. Unaondoka Mombasa alfajiri betri imejaa. Hadi Mtito Andei, kilomita 245 na kimo cha mita 750 hivi, unatumia uniti 45, unabakiwa na 15. Kutoka hapo hadi Nairobi zimebaki kilomita 235 na mita 950 za kupanda, na hesabu inatoa tena uniti 45. Vipande viwili vinalingana karibu kabisa, kana kwamba mji ule uliwekwa hapo kwa kazi hii. Ukiongeza uniti 37 Mtito, unafika nyumbani na akiba ya uniti 7. Kwenye mashine ya kilowati 50 hizo ni dakika 45 hivi, muda wa familia kula na watoto kunyoosha miguu, jambo ambalo mabasi yamekuwa yakilifanya pale kwa miaka mingi. Ukikimbia 110 utafika Mtito na uniti 5 tu, na ukiikuta mashine imeharibika huna pa kwenda. Wenye fedha za kujenga vituo waanzie hapo, waweke mashine tatu au nne kwa pamoja, zenye plagi za aina zote, kabla ya kuongeza nyingine kwenye maduka makubwa ya Nairobi, ambako wenye magari haya tayari huchajia nyumbani.