Kabla ya kuitupa hedifoni, ifungue

Majuzi mtoto wa dada yangu alikuja na hedifoni yake, waya ameuzungusha juu yake kama anayefunga mzigo. "Mjomba, upande wa kushoto umekufa. Ichukue tu, mimi natafuta nyingine." Alikuwa ameshaiaga. Nikamwambia akae, tuifungue kwanza.

Mito ya masikio ilitoka kwa kuivuta taratibu, lakini chini yake sikukuta skurubu hata moja. Kiwanda kilimwaga gundi kuzunguka kikombe chote, yaani ganda la plastiki linalobeba spika. Ilibidi niipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele, nipenyeze kadi kuukuu ya benki kidogo kidogo, na bado plastiki ikapasuka pembeni. Hilo liliniuma, na nitalirudia.

Spika yenyewe ni duara la milimita 40. Mbele ina utando wa plastiki, mwembamba, unaong'aa, wenye mikunjo midogo iliyotawanyika kama miale. Ukiubonyeza kwa kidole unabonyea, kwa hiyo usiuguse. Nyuma ya utando imegandishwa koili ya waya wa shaba mwembamba kama unywele, nayo inakaa katika mwanya finyu uliozungukwa na nguvu za sumaku. Umeme wa muziki ukipita kwenye koili, sumaku inaisukuma mbele na nyuma, utando unaifuata, na hewa iliyo karibu na sikio inatikisika. Eugen Beyer, mwasisi wa kampuni ya Beyerdynamic, alitoa hedifoni ya DT 48 huko Berlin mwaka 1937 kwa kanuni hiyo hiyo. Tangu hapo sumaku zimekuwa ndogo na kali zaidi na utando umekuwa mwepesi, ila kazi haijabadilika.

Mgongoni mwa spika kuna vitundu vilivyofunikwa kwa karatasi laini, na wengi huibandua wakidhani ni stika. Iacheni jamani! Karatasi hiyo ndiyo inayoibana hewa inayopita nyuma ya utando. Ukiitoa, besi huvimba na kummeza mwimbaji.

Nikachukua mita ya umeme nikapima ukinzani wa spika ya kulia, yaani inavyouzuia umeme: omu 31. Kushoto: omu 31. Na kila ncha za mita zilipogusa, spika iliyosemwa imekufa ilitoa mlio mdogo, tk, tk. Kijana aliinamisha sikio akausikia mwenyewe. "Kumbe nzima!" Nzima kabisa. Waya ndio uliokatikia ndani ya mpira, pale unapoingia kwenye pini, mahali unapokunjwa kila simu ikiingia mfukoni. Nikaukata, nikafunga pini mpya. Kwa atakayejaribu: nyuzi za waya huo zimepakwa rangi, moja nyekundu, nyingine kijani, na zimesokotwa pamoja na uzi wa nailoni. Risasi ya kulehemu haishiki mpaka rangi hiyo iungue, na wengi hukwama hapo wakaamua hedifoni haitengenezeki.

Nimefungua nyingi miaka hii, na spika iliyoungua kweli ni nadra kuikuta. Naona waya, pini, bawaba iliyovunjika. Moja ilikuwa inakwaruza kila besi ikipiga, mwenyewe akiamini spika imechanika. Ndani nikakuta unywele mmoja umelala juu ya utando. Niliutoa kwa kibano, mkwaruzo ukaisha. Tunatupa vitu vizima kwa sababu ya unywele.

Sasa hiyo gundi. Huambiwa kwamba kikombe lazima kizibwe ili besi isivuje. Ni kweli, uvujaji unaua besi. Lakini Sony MDR-7506, hedifoni ya studio iliyotoka mwaka 1991, ni ya kufunika sikio, imezibwa, na skurubu zake ziko chini ya mito. Unaifungua kwa bisibisi na kuirudisha kama ilivyokuwa. Sennheiser HD 25 ya mwaka 1988, ambayo madijei hawaiachi, waya wake unachomoka, spika inachomoka, na kila kipande kinauzwa peke yake. Basi si kwamba haiwezekani. Anayemwaga gundi ameamua kwamba waya ukikatika, sumaku na shaba na spika nzima vyote viende jalalani, na mimi nirudi dukani na pesa nyingine. Hapo naona ni kumdhulumu mnunuzi, hasa kijana aliyejinyima miezi miwili ili aipate.

Ndiyo maana siku hizi maandishi ya kwenye boksi nayasoma mwisho. Namwomba muuzaji ruhusa, nainua mto wa sikio kwa kucha, nachungulia chini yake. Nikiona vichwa vya skurubu, ndipo naulizia bei.