Chipsi Mayai Imefika

Kuna mzee mmoja anauza vitenge kwa jumla Kariakoo, Mtaa wa Kongo. Alitaka mzigo mpya ukiingia wateja wake wapate meseji. Nikamweleza kwamba kampuni ya meseji imetupa faili linaloeleza huduma yao yote, na ipo programu inayolisoma faili hilo na kutema kodi yenyewe.

"Kodi?" Akachungulia mlangoni. "Kodi gani tena, mwanangu?"

Nikamtuliza kwamba ni kodi ya kompyuta, maandishi ya kuiamuru mashine, TRA hawahusiki. Hakuniamini sana, ila alinilipa hela ya siku tatu. Kazi yenyewe ni ya dakika tatu.

Nikarudi zangu Sinza, nikawasha programu yenyewe, OpenAPI Generator. Ikagoma. Faili, ikasema, lina operesheni mbili, yaani kazi mbili za huduma, zenye jina moja, sendMessage, na kanuni zinataka kila operesheni iwe na jina lake. Mashine ina adabu hiyo! Hapohapo ikanionyesha na namna ya kuiziba mdomo: --skip-validate-spec. Mtu mwenye akili angewaandikia wale wa meseji warekebishe faili lao. Mimi nilikuwa na njaa. Nikaiziba.

Kufumba na kufumbua, folda limejaa mafaili ya kodi kwa lugha ya Python, na ndani yake mapacha: send_message na send_message_0. Majina yakigongana, generator haiulizi mtu. Wa pili anabandikwa sifuri mkiani. Nikawaita Kurwa na Doto. Sasa yupi anatuma kwa mtu mmoja, yupi kwa wote? Kufungua kodi nisome ilikuwa kazi, nikapiga ramli: sifuri huongeza hesabu, basi Doto ndiye wa wengi. Nikamchukua Kurwa.

Nikajaza namba yangu. Kwa kuwa muuza chipsi alishaanza kuniita, ujumbe wa majaribio ukawa: "Chipsi mayai imefika, ya moto. Wahi!"

Kurwa hata hakuitazama namba yangu. Tena alipita moja kwa moja kwenye seva ya kazi, ile inayotuma meseji za kweli, maana kodi ya namna hii, usipoiambia kitu, hushika seva ya kwanza kwenye orodha, na ya majaribio ilikuwa ya pili. Wateja 1,340, Tunduma hadi Bukoba, wakapata meseji yenye jina la duka la Mzee.

Simu yake ilinikuta na yai mdomoni.

"Mwanangu, chipsi mayai ndiyo nini?"

"Shikamoo, Mzee…"

"Marahaba. Mama wa Tunduma anataka majora kumi. Wa Morogoro anauliza kama ipo ya bluu."

Wenye kuvaa vitenge wanajua: kitenge kizuri hakikosi jina. Wateja walidhani ndiyo toleo jipya. Nikaungama yote: Kurwa, Doto, kuziba mdomo, na kwa kiherehere changu nikataja hata zile dakika tatu.

Kimya. Kisha nikamsikia akimwambia kijana wa dukani: "Kile cha njano chenye madoadoa, kilichododa tangu Idi, kishushe. Kiweke mbele."

Akanirudia. "Huyo Kurwa usimguse. Na hela ya siku mbili njoo nayo kesho asubuhi."